Kuhesabu Kuku Waliokwisha Kuliwa

Koo-ko-ko-ko-kwaa! Halafu kimya. Halafu maji ya moto yakimiminwa kwenye beseni: shwaaa.

Sauti hizo tatu, kwa mpangilio huo huo, bado ninazo masikioni. Nilizisikia mara ya kwanza nikiwa nimeketi kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe huko Nyamarambe, kalamu mkononi, nikimuuliza mwenye nyumba swali nililolikariri njia nzima: "Je, katika boma lako kuna kuku mgonjwa?" Naye akanitazama machoni, akatabasamu kwa upole, akasema, "Hakuna." Na kule nyuma ya nyumba: koo-ko-ko-ko-kwaa.

Nyinyi wenzangu wa kwaya mmeniuliza Sabato mbili sasa kwa nini niliacha bakuli la kuku lipite mbele yangu kama mtu anayepisha maiti. Mmoja wenu, namjua, amesema nina mimba. Sina. Nina habari ndefu tu, na kila nikianza kuisimulia mnacheka kabla sijafika katikati. Basi nimeiandika. Mtacheka mkiwa kwenu.

Mnajua ndoto yangu. Tangu nimalize kidato cha nne kwa alama ambazo hata mwalimu mkuu aliniambia kwa sauti ya msiba, sijaacha kutaka kuwa mtu wa kutibu wanyama. Jogoo wa mama alipovunjika mguu nilimfunga kwa vijiti, akapona, ingawa mpaka leo anatembea akienda upande kama kaa. Kwa hiyo Daktari Kwamboka, yule mama mnene wa mifugo anayeendesha pikipiki akiwa na gambuti miguuni na rozari shingoni, aliponiambia anatafuta mtu wa kumwandikia, sikuuliza hata tunaenda wapi.

Kazi ilikuwa kuzunguka Kisii na Nyamira tukiuliza wanyama na ndege wanaugua nini, na kwa wingi gani: ndigana ya ng'ombe, ile homa inayoletwa na kupe, ugonjwa wa kiwele, minyoo ya mbuzi, na zaidi ya yote kideri, kile kinachofagia kuku boma zima kwa siku chache, shingo zikipinda na vinyesi vikiwa kijani. Chanjo ya kideri ilikuwa njiani kuja, lakini haikuwa ya kutosha wote.

"Itaanza mahali fomu zako zinaonyesha ugonjwa ni mwingi," Daktari aliniambia. "Mahali umeandika hakuna, watangoja. Na kideri hakijui kungoja. Fomu ziwe ofisini Jumatatu ya wiki ijayo. Umeelewa, Kemunto?"

Nilisema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa chochote.

Birongo hadi Nyamarambe, na pikipiki yenye maoni yake

Tuliondoka Birongo Jumatatu asubuhi kukiwa na ukungu. Pikipiki ya Daktari haipendi vilima, na mnajua kwetu kusikokuwa na kilima ni ndani ya nyumba tu. Kila tukifika mteremko ilikimbia kama mwenye haraka. Kila tukifika mpando ilikohoa, ikasimama, nami nikashuka kusukuma. Naweza kusema nimekwenda Nyamarambe nusu kwa pikipiki na nusu kwa mabega.

Katika mpando mmoja mzee aliyebeba mkungu wa ndizi alisimama kututazama. Akaona fomu zangu kwenye mfuko wa plastiki, akaona rozari ya Daktari.

"Mnahubiri dini gani?" akauliza.

"Ya kuku," Daktari akajibu bila kugeuka.

"Ah, hiyo mimi niliokoka zamani," mzee akasema, akaenda zake.

Mvua ilitukamata kabla hatujafika, ikatusimamisha chini ya paa la duka lililofungwa, kwa muda mrefu hivi kwamba tulimaliza mahindi yote ya kuchoma ya mama aliyekuwa amejikinga nasi. Tulipoingia Nyamarambe nilikuwa nimelowa mpaka kwenye mawazo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja anayeitwa Bochaberi. Ni mzee wa mgongo ulionyooka, na kila mtu pale humwita Magokoro, yaani nyanya, hata watu ambao nao wana wajukuu. Alitupokea kwa mikono miwili.

"Bwakire! Karibuni. Wewe msichana, wewe ni wa nani?"

Nikataja baba, nikataja babu, nikataja ukoo wetu. Akafikiri.

"Babu yako hakuwa na ng'ombe mweusi mwenye pembe moja?"

"Sijui, Magokoro."

"Alikuwa naye," akasema, na kuanzia hapo nikawa mtoto wa nyumbani.

Tukaketi. Akamnong'oneza mkaza mwanawe kitu kwa Ekegusii, upesi na chini chini, na yule mama akatoka. Nikafungua fomu, nikauliza swali langu. Hakuna, akasema. Mungu amesaidia. Na hapo ndipo nikasikia ile sauti.

Sikufikiri kitu. Mgeni amekuja, kuku amechinjwa. Kwetu hiyo si habari. Niliandika "hakuna" kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Chakula kilipoletwa kulikuwa na obokima, ugali wetu wa wimbi, mboga chungu, na kuku wa mchuzi. Kukazuka shida ya firigisi. Mnajua firigisi ni ya mwanamume, na siku hiyo hakukuwa na mwanamume mezani. Magokoro alilitazama bakuli, akatutazama sisi, akaangalia mlangoni gambuti za Daktari zikikauka juani.

"Wewe umekuja ukiendesha pikipiki," akamwambia Daktari. "Leo wewe ndiye mwanamume. Kula."

Daktari akala firigisi kwa heshima zote.

Tukaenda boma la pili. "Kuna kuku mgonjwa?" Hakuna. Koo-ko-ko-ko-kwaa, shwaaa. Boma la tatu, hivyo hivyo. Siku ya pili, hivyo hivyo. Tulikula kuku asubuhi, tukala kuku mchana, tukala kuku wa kuaga. Kila tulipoondoka watu walitaka kutupa na kuku hai wa kubeba, na Daktari akawaambia, "Kuku hahami boma wakati wa kuhesabiwa. Ni kama sensa." Walinuna kidogo, wakamrudisha kuku chini.

Na mimi, watu wangu, nilikuwa na furaha ya kijinga. Jumanne jioni nilizihesabu fomu za Nyamarambe zikisema hakuna, hakuna, hakuna, nikawaza: kumbe kuna mahali duniani kuku hawaugui. Nikawaza nitakapoolewa nihamie huko.

Kisii mjini, siku nzima dukani kwa Bhai

Jumatano pikipiki ilikataa katakata. Tuliiacha kwa fundi pale Kisii mjini, akasema dakika ishirini, na dakika ishirini za fundi zikawa mpaka saa kumi jioni. Tulikwenda kungojea katika duka la dawa za mifugo la mzee mmoja ambaye wote humwita Bhai. Babu yake alikuja kutoka Uhindi kuuza vitambaa. Yeye anauza dawa za kupe na chakula cha kuku, na Ekegusii chake kinanishinda mimi. Alituagizia chai ya maziwa yenye tangawizi, na nilikaribia kulia kwa shukrani kwa sababu hapakuwa na kuku ndani yake.

"Mmetoka wapi?" akauliza.

"Nyamarambe," nikasema. "Huko ni kuzuri, Bhai. Hakuna ugonjwa hata mmoja wa kuku."

Bhai aliweka kikombe chini. Akamtazama Daktari, akanitazama mimi, akaelekeza kidole kwenye rafu nyuma yake. Ilikuwa tupu.

"Unaona hapo? Hapo palikuwa na dawa ya unga ya kuku. Wiki mbili hizi, watu wa Nyamarambe wamemaliza yote. Mimi nawaambia hiyo haiponyi kideri, wao wanasema nipe tu. Na wewe unasema hakuna ugonjwa?"

"Tumeuliza kila boma," nikasema. "Wote walisema hakuna."

"Mliona kuku wenyewe?"

"Tuliona."

"Wapi?"

Nilikuwa nimewaona wapi? Niliwaona kwenye mchuzi.

Daktari alianza kucheka. Mwili wote ulitikisika, chai ikamwagika kwenye sahani, Bhai naye akacheka, nami nikacheka kwa sababu wao wanacheka. Kisha Daktari akapangusa macho kwa leso.

"Kemunto," akasema, "tumekula ushahidi."

Akanieleza, na mengine nilikuwa nayajua tangu utotoni ila sikuwa nimeyaunganisha. Mnajua kwetu hakuna anayekula mnyama aliyekufa mwenyewe. Hicho ni kibudu, na sisi Waadventista hasa hatukigusi. Kwa hiyo kuku akianza kuinama na kujikunyata, watu humwahi. Humchinja akiwa bado anasikia jina lake. Ikiwa siku hiyo amekuja mgeni, basi ni baraka mara mbili: mgeni ameheshimiwa, na kuku hajapotea bure. Ukiuliza baadaye kama kuna kuku mgonjwa bomani, mwenye boma hasemi uongo. Hayuko tena. Umemla wewe.

"Nyama ikiiva vizuri haimdhuru mtu," Daktari alisema. "Lakini yale maji ya kumnyonyolea, na manyoya, na matumbo, yanamwagwa nyuma ya nyumba. Kuku wa jirani wanakuja kudonoa. Sisi tunakula, kideri kinahama."

"Na fomu zangu?"

"Fomu zako zinasema Nyamarambe iko salama kuliko mahali pote. Chanjo itapita mbali nayo kabisa."

Nilimfikiria Magokoro. Nilimfikiria akingoja kisanduku cha chanjo ambacho mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, nilikuwa nimekizuia kisifike.

Sironga, kwa mzee aliyejua historia ya ng'ombe wake

Hatukuweza kurudi Nyamarambe. Nyamira ilikuwa inatungoja, na Daktari alikuwa ameahidi kufika Sironga Alhamisi. Tulikwenda. Njiani nilisukuma mpaka pumzi zikaniisha.

Sironga tulifikia kwa Mzee Onsongo na mkewe, Mama Nyanchama, Waadventista kama sisi, wenye majani chai, migomba, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe huyo alikuwa na matezi yamevimba chini ya masikio, na joto ambalo nililisikia kwa kiganja. Ndigana. Hapo nikajifunza kitu cha ajabu: kuhusu ng'ombe hakuna anayeficha. Mzee Onsongo alitusimulia ugonjwa wa ng'ombe wake, kisha ugonjwa wa mama yake ng'ombe, kisha wa nyanya yake ng'ombe, ambaye alikufa kwa kula kamba ya jirani, na jirani akasema kamba ilipwe. Mzee alisimama kuigiza jinsi nyanya huyo alivyoanguka. Kwetu ng'ombe akikohoa mtaa mzima unajua. Kuku akifa hata jogoo haambiwi.

Daktari akamdunga ng'ombe sindano, akamwonyesha mzee mahali pa kumnyunyizia dawa ya kupe, ndani ya masikio na chini ya mkia, ambapo watu husahau. Kisha tukaingia sebuleni, nami nikauliza swali la kuku.

"Hakuna," Mzee Onsongo akasema.

Nikamwona Mama Nyanchama akiinuka polepole kuelekea mlango wa nyuma.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Mgeni haingii jikoni, hiyo mama alinifundisha nikiwa mdogo. Lakini mimi si mgeni tu, mimi pia ni msichana, na msichana aliyelelewa vizuri haketi mama wa nyumba akifanya kazi. Nikaweka fomu kwenye kochi, nikasema, "Mama, wacha nikusaidie kunyonyoa," nikamfuata.

Aliduwaa, lakini angesema nini? Jikoni kulikuwa na moshi na kikapu kilichofunikwa chini juu. Alipokiinua, kuku alikuwa amelala kwa upande, mabawa yameshuka, akipumua kwa kukoroma.

"Huyu ameanza lini?" nikauliza, nikijifanya kutafuta beseni.

"Juzi," akasema. Kisha akajikumbuka. "Aah, huyu ni uzee tu."

"Mama, huyu hajataga hata mayai ya kwanza."

Akanitazama. Halafu akacheka kicheko cha mtu aliyekamatwa na mtoto wake, akaketi kwenye kigoda.

"Wewe msichana! Haya. Wamekufa sita. Wawili tulikula, wanne walituwahi. Huyu nilikuwa nawapatia nyinyi kabla hajatuwahi naye."

Nilimnyonyoa yule kuku kwa mikono yangu. Tulipompasua nikamwita Daktari, naye akaja na kuinama pale moshini, akanionyesha ndani, kabla tu ya firigisi, vidoadoa vyekundu kama mtu aliyenyunyiza damu kwa brashi. "Ona. Hiki ndicho kideri. Usisahau hii." Sitasahau. Matumbo, manyoya na maji tuliyafukia kwenye shimo, na Daktari akamweleza Mama Nyanchama sababu, mara mbili.

Ijumaa tulizunguka Sironga kwa mtindo huo. Daktari alikaa sebuleni na wazee akisikiliza nasaba za ng'ombe. Mimi niliingia jikoni, nikakunja mikono ya blauzi, na wanawake wakaniambia kila kitu. Nani alipoteza bata. Nani kuku wake wana ndui usoni, wale wa vidonda kwenye kilemba. Nani mbuzi wake anaharisha. Fomu zilijaa. Nilinuka moshi na manyoya, na sikuwahi kujiona msomi namna ile maishani.

Jumamosi yangu, Jumapili yake

Jua la Ijumaa lilipotua, Mama Nyanchama alifunga jembe, akaweka maji ya kuoga, na mimi nikaweka kalamu chini. Jumamosi hatukufanya kazi. Hata tungetaka, tungemuuliza nani? Maboma yote yalikuwa matupu, wenyewe wako kanisani, kuku wameachwa peke yao kujilinda na dhambi na mwewe. Daktari, ambaye ni Mkatoliki, alishinda akifua soksi na kulalamika.

Jioni nilipomwambia nataka kurudi Nyamarambe, akatikisa kichwa.

"Kesho ni Jumapili. Nina misa, na nimeahidi kusoma somo la pili. Keshokutwa asubuhi fomu ziko ofisini."

"Basi hizo za Nyamarambe ni uongo, Daktari."

"Najua."

"Na Magokoro?"

Aliikamua soksi mpaka ikapiga kelele. "Wewe na Jumamosi yako, mimi na Jumapili yangu," akasema, "na kuku wanakufa siku zote saba." Kisha akaingiza mkono mfukoni, akanipa nauli na fomu mpya. "Nenda. Ingia jikoni. Na usile kitu."

Nyamarambe mara ya pili, peke yangu

Nilifika saa tano hivi. Kipande cha mwisho nilitembea, kwa sababu vijana wa boda waliutazama ule utelezi wakasema, "Madam, hapo ni wewe na Mungu wako." Nilianguka mara mbili, ule mchubuko mliouulizia ndio huo.

Magokoro alikuwa nje anaanika wimbi. Hakuonekana kushangaa.

"Umerudi. Ulisahau kitu?"

"Nilisahau kuingia jikoni, Magokoro."

Akafagia wimbi kwa kiganja, akalisawazisha ambapo lilikuwa limeshasawazishwa.

"Yule kuku wa siku ile," nikasema. "Alikuwa anaumwa?"

"Alikuwa mtamu au hakuwa mtamu?"

"Alikuwa mtamu sana."

"Basi."

Nilikaa chini kando yake. Nilikuwa na hotuba niliyoipanga njiani, yenye maneno kama "afya ya jamii", ikanitoka yote kichwani. Nikamwambia tu ukweli: kwamba nimeandika hakuna, na kwamba kwa hiyo chanjo itapita, na kwamba mimi ndiye niliyekosea kwa kuuliza vibaya, si yeye.

"Wewe ni mtoto," akasema, bila ubaya. "Unajua mkiandika ugonjwa kunatokea nini? Watakuja kusema mtu asiuze kuku, asitoe kuku. Na watu watasema ugonjwa ulitoka kwa Bochaberi. Nilikuwa na kuku arobaini hapa, mtoto wangu. Mayai ndiyo yanasomesha hawa wajukuu. Sasa wako tisa. Ukiniandika, hao tisa watapata hiyo chanjo?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini nikakumbuka kile kikapu cha Sironga.

"Wale ambao bado ni wazima wakati kisanduku kikifika, watadondoshewa jichoni, na wana nafasi. Yule ameshashikwa, haimponyi. Na sijui kitafika siku gani. Siwezi kukuahidi, Magokoro."

Magokoro alijipangusa vumbi la wimbi mikononi. Kisha akaita kwa Ekegusii kwa sauti ambayo sikujua anayo, na mkaza mwanawe akatoka jikoni akipangusa mikono. "Mwambie wote," Magokoro akamwamuru. "Hata wale tulimtupia mbwa. Kisha mpeleke kwa majirani, mwambie kila mtu mimi nimesema. Kama ni aibu, ianze na mimi."

Nikaandika hadi mkono ukafa ganzi. Boma baada ya boma, jikoni baada ya jikoni, na mkaza mwana huyo mbele yangu akitangaza, "Magokoro ameandikwa, nanyi mjiandikishe," na watu ambao Jumanne walikuwa na hakuna wakawa na nane, na kumi na moja, na "usiniulize, wameisha".

Nilipokwenda kuaga, Magokoro alikuwa amemshika kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, mwekundu, macho yanang'aa.

"Huyu hajaguswa na kitu. Chukua."

"Magokoro, kuku hahami boma wakati wa..."

"Siku ile mlikuja kwa kazi. Leo umekuja kwangu. Nani huja mara mbili, kisha akaondoka mikono mitupu? Unataka nife na aibu hiyo pia?"

Nimejiuliza mara nyingi kama Daktari angekataa. Nadhani angekataa. Mimi nilimwangalia yule bibi, na wale wanane waliobaki wakidonoa karibu na miguu yake, nikanyoosha mikono.

Kurudi Birongo

Daktari aliponifungulia mlango wa kwake jioni hiyo Kisii aliona fomu kwanza, akafurahi. Kisha akaona kuku, akaketi.

"Kemunto. Wiki nzima nimewaambia watu wasihamishe kuku."

"Alinipa yeye mwenyewe."

"Najua alikupa yeye mwenyewe! Ndivyo kideri kinavyosafiri, kwa heshima!" Kisha akashusha pumzi. "Mfunike kwa kikapu bafuni. Ukifika kwenu akae peke yake wiki mbili, mbali kabisa na wa mama yako. Na unawe."

Jumatatu nilimngoja nje ya ofisi nikiwa na kikapu miguuni. Alitoka akitembea haraka, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nyamarambe wamewekwa wa kwanza," akasema. "Kisanduku kinatoka Alhamisi. Lakini kwa sasa wasiuze wala kutoa kuku nje."

Tulimpigia Magokoro kwa simu ya jirani yake. Nilimweleza kuhusu Alhamisi, kisha kwa woga nikamweleza kuhusu kuuza. Nikasikia akicheka.

"Nilikuwa nauza nini?" akasema. "Manyoya?"

Akaniambia wanane bado wamesimama. Akauliza kama nimefika nyumbani na zawadi yangu. Nikasema niko njiani.

Nilishika njia ya mkato ya kupitia majani chai, ile mnayoijua, inayotokea nyuma ya kwetu. Karibu na mpaka wa shamba letu nilihisi kikapu kimekuwa kizito upande mmoja. Nikakiweka chini, nikainua kifuniko. Kuku wa Magokoro alikuwa ameinamisha kichwa, ile shingo yake isiyo na manyoya imepinda kama swali. Asubuhi alikuwa amekula punje mkononi mwangu.

Kutoka pale nilisikia kuku wa mama wakiitana bomani. Niliketi chini kwenye majani chai, nikampakata kwa leso, nikakaa naye. Haikuchukua muda mrefu. Sikumwambia mama wala mtu yeyote.

Nilichimba shimo kwa panga nililolikuta kwenye kibanda cha kupimia majani, refu kufika kiwiko, kisha refu zaidi kwa sababu ya mbwa. Nikamlaza pamoja na kikapu na leso. Nikarudishia udongo, nikapanga mawe juu.

Kisha nikatoa fomu moja iliyobaki kwenye mfuko wa plastiki, nikaiweka gotini. Mahali pa jina la mwenye kuku niliandika langu. Waliokufa: mmoja. Dalili: shingo kupinda. Ametoka wapi: Nyamarambe. Chini kabisa kuna mstari unaouliza ugonjwa umeletwa na nani, ambao wiki nzima hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuujaza. Nikaandika: mimi.